Kujaza daimondi na UC Kigoma: kibanda kipi kinafaa, na akaunti ya pili inakula nini

Kutoka Mwanga hadi Ujiji, si ajabu kibanda cha kurushia nyimbo na kubadilishia vioo vya simu kuwa na karatasi ukutani: daimondi za Free Fire, UC za PUBG Mobile, koini za eFootball, yaani sarafu za kununulia vitu ndani ya michezo hiyo ya simu. Jina la huduma ni moja, "tunajaza", lakini nyuma ya neno hilo kuna kazi tofauti kabisa. Nyingine ni salama kama kununua umeme wa LUKU. Nyingine ni sawa na kumpa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Free Fire inauza daimondi kwa pakiti za 100, 310, 520, 1,060, 2,180 na 5,600. Bei zake za msingi ni dola 0.99, 2.99, 4.99, 9.99, 19.99 na 49.99. Ukigawanya, pakiti ndogo inakupa daimondi 101 kwa dola na kubwa kuliko zote inakupa 112, tofauti ya asilimia 11 tu. Anayenunua kidogokidogo hapotezi sana. PUBG Mobile ni habari nyingine: UC 60 kwa dola 0.99, 325 kwa 4.99, 660 kwa 9.99, 1,800 kwa 24.99, 3,850 kwa 49.99 na 8,100 kwa 99.99. Hapo unatoka UC 61 kwa dola hadi 81, theluthi nzima ya nyongeza kwa mwenye hela nyingi.

Ndiyo sababu ya ule wimbo wa vibandani: "Mimi nachukua pakiti kubwa, ndiyo maana nakupunguzia." Usiukubali. Dagaa wa Kibirizi ukichukua gunia zima unaweza kuwapima kwa kopo na faida ikabaki. UC na daimondi hazipimwi kwa kopo. Zikishaingia kwenye ID moja (namba ya akaunti ya mchezaji) zimeingia, hakuna kitufe cha kuzihamishia ID nyingine. Punguzo la kweli la muuzaji hutoka kwenye vocha anazonunua kwa jumla, na hilo ni punguzo la kiasi, si la nusu bei.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500 (weka kiwango cha siku yako), daimondi 100 ni kama shilingi 2,475, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika karibu 2,920. Daimondi 310 zinafika kama 8,820, 520 kama 14,720, na 1,060 kama 29,470. Kibanda kinachotaka 3,200 kwa daimondi 100 kinajilipa jasho lake, hakuna ubaya. Kinachotaka 1,500 kiulize maswali. Daimondi za bei hiyo mara nyingi zimelipiwa kwa kadi ya wizi, au kwa malipo ambayo muuzaji atayadai yarudishwe baada ya wewe kuondoka. Pesa ikirudi, mchezo hauendi kumtafuta yeye. Kwenye PUBG Mobile salio la UC linaweza kushuka chini ya sifuri, ukabaki na deni kwenye akaunti yako mwenyewe. Free Fire nayo hufungia akaunti zenye malipo ya namna hiyo.

Sasa huduma zenyewe, kila moja na nyota zake. Kununua ndani ya gemu kupitia duka la Google ni njia safi kuliko zote, ila kwetu inakwama kwenye malipo. Kadi pepe ya pesa za simu hufanya kazi, lakini ikiwa na salio sawasawa na bei inayoonekana hukataliwa, kwa sababu kodi na kiwango cha kubadilishia fedha huongezeka juu yake. Acha ziada ya asilimia 20 hivi. Na usinunue vocha ya Google ya Marekani hata ikiwa rahisi vipi, kwani akaunti ya Google iliyosajiliwa Tanzania haitaipokea, na nchi ya akaunti hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka. Nyota nne.

Kibanda kinachojaza kwa ID peke yake nacho kinastahili nne, kikifuata utaratibu. Unafungua wasifu wako kwenye gemu, unanakili ID (usiisome kwa mdomo, tarakimu moja ikikosewa daimondi zinakwenda kwa mtu wa watu), muuzaji anaiingiza kwenye tovuti ya kujazia, na jina lako la mchezoni linatokea. Hapo simama. Likionekana jina lingine, au lisipoonekana kabisa, usilipe. Likiwa ni lenyewe, lipa kwa lipa namba badala ya noti, ili ubaki na kumbukumbu ya muamala, kisha angalia salio ukiwa bado kaunta. Zikichelewa, toka kwenye gemu uingie upya kabla ya kuanza kugombana na kijana wa watu.

Kibanda kinachokuomba nenosiri la Facebook au la Google "ili kujaza haraka" hakina nyota hata moja. Kujaza kwa ID hakuhitaji nenosiri.

Hapa ndipo akaunti nyingi zinapoingia, na vibanda vingi vinajua hesabu hii kuliko wateja wao. Mchezaji anafungua akaunti ya pili, ya tatu, kwa ajili ya zawadi za kila siku, za wageni, na mizunguko ya bei rahisi. Kitaalamu ni kazi ndogo. Free Fire na Free Fire MAX, iliyotoka Septemba 2021, zinasoma akaunti zilezile, kwa hiyo ukiziweka zote mbili kwenye simu moja unaweza kuingia akaunti kubwa upande huu na ndogo upande ule bila programu ya kurudufu. Programu za kurudufu kutoka nje ya duka zikwepe, kwa maana nyingine huomba ruhusa za ajabu na nyingine mchezo huziona kama udanganyifu.

Shida iko kwenye bei. Chukua Faded Wheel ya Free Fire, gurudumu la bahati nasibu unalozungusha kwa daimondi. Unapewa zawadi 10, unaondoa 2 usizozitaka, halafu unazungusha kwa bei inayopanda: 9, 19, 39, 69, 99, 149, 199, 499 kwa mfuatano uliozoeleka. Zawadi uliyokwisha kupata hairudi, kwa hiyo mzunguko wa nane unakumalizia zote. Jumla ni daimondi 1,082. Sasa rudi juu uangalie pakiti ya dola 9.99: daimondi 1,060. Umepungukiwa na 22, na ili kufunga pengo hilo unanunua pakiti nyingine ya 100. Atakayesema ni bahati mbaya, na aseme.

Mwenye akaunti tano anajiona mjanja: kila moja aizungushe mara tatu za mwanzo tu, 9 na 19 na 39, jumla 67. Lakini kila akaunti inahitaji pakiti yake ya 100, na 33 zinazobaki kwenye kila moja hazikusanyiki. Akaunti tano ni daimondi 500 zilizolipiwa na 165 zilizokwama. Halafu hata ile skini (vazi au pambo la silaha) unayoiwinda ikitoka, imetoka kwenye akaunti ya nne ambayo haina kiwango, haina marafiki wala silaha ulizokwisha kuziboresha. Haihami. Na nafasi ya zawadi kubwa kutoka kwenye mizunguko ya mwanzo huwekwa ndogo kuliko ya zile nyingine, si moja kwa nane kama jicho linavyodhani.

Kinacholipa ni uanachama wa wiki kwenye akaunti moja. Unatoa daimondi nyingi kwa kila shilingi kuliko pakiti yoyote ya kawaida, kwa sharti kwamba unaingia kila siku kuzidai. Ukiuweka kwenye akaunti tatu umejipa zamu tatu kila siku, na bando linakwenda.

Hatari kubwa ya akaunti ndogo ni kuachwa kama gesti, yaani ya mgeni, bila kuunganishwa na chochote. Akaunti ya gesti inakaa kwenye simu. Ukifuta gemu, ukisafisha data yake au simu ikidumbukia ziwani, imekwenda na kila ulicholipia. Iunganishe na Google au Facebook siku hiyohiyo, ukichagua vizuri, kwani kiungo hicho hakibadilishwi baadaye. Na usijaribu udanganyifu kwenye "akaunti ya majaribio": Garena, kampuni yenye Free Fire, hufungia hata kifaa, na akaunti kubwa iliyomo kwenye simu hiyo itabaki nje pamoja na ndogo.

Vibanda vingine vinauza akaunti zilizoiva. Kanuni za mchezo zinakataza, na hata ukilipuuza hilo, aliyeiuza bado ana Facebook iliyounganishwa nayo. Kubadili nenosiri hakusaidii kama barua pepe na namba ya kurejeshea ni zake, maana anaomba kurejeshewa, anarejeshewa, anaiuza tena kwa mwingine. Nyota sifuri.

Kwa eFootball watu hufungua akaunti mpya mpya wakiwinda mchezaji wa Epic (daraja la wachezaji adimu) kwa zawadi za mwanzo. Hesabu yake ni hii: wachezaji huchotwa kwa bahati kutoka kwenye boksi, na boksi la wachezaji 150 lenye Epic 3 ni nafasi ya asilimia 2 kwa mchoto wa kwanza. Mchoto mmoja ni koini 100, kumi ni 900, na kulimaliza boksi lote ni koini 13,500. Kwa mchoto wa bure, kufungua akaunti upya angalau hakukuibii pesa, ni muda na bando tu. Ukimpata umtakaye, unganisha na Konami ID (akaunti ya kampuni yenye gemu) kabla ya kuzima simu. Na kama akaunti ilikuwa kwenye iPhone ukaihamishia Android, wachezaji watakuja lakini koini zitabaki kule, kwa hiyo zimalize kabla ya kubadili simu.