Kuchuliwa, mkanda au mazoezi: huduma za kiuno mjini Kigoma

Mtu akishikwa na kiuno Kigoma ana njia tatu za karibu: mchuaji wa mtaani mwenye chupa yake ya mise (mafuta ya kokwa za mchikichi), duka linalouza mikanda ya kiuno, na fiziotherapia (tiba ya viungo) ya hospitalini. Kwa maoni yetu pesa iende kwenye fiziotherapia, kwa sharti moja: utoke pale ukiwa na mazoezi ya kufanya nyumbani. Usipopewa, umelipia nusu ya huduma.

Tuanze na mchuaji, maana ndiye anayeitwa kwanza. Kuchua kunasaidia kweli. Misuli iliyokaza pembeni mwa uti wa mgongo inalegea, na nafuu hudumu saa chache, pengine siku mbili tatu. Mafuta kazi yake ni kuteleza tu. Mise au mawese ni yale yale, ila mawese yatakuharibia shati. Mchuaji mzuri hupita pande mbili za pingili kwa kiganja na kidole gumba. Akikukandamiza kwa kiwiko juu ya pingili zenyewe, au akitaka kukupanda mgongoni, mlipe chake aondoke. Na ule mlio wa "ka!" anaosema ni pingili imerudi mahali pake, ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Hakuna pingili iliyohama, hakuna iliyorudi.

Wapo watu ambao mchuaji hapaswi kuwagusa kabisa. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mkojo kugoma, ganzi sehemu za siri au mguu kulegea ghafla ni dharura ya siku hiyo hiyo: Hospitali ya Maweni leo, si kesho.

Mkanda tunaupa alama ya chini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi na yaliyozidi miezi 3, haupendekezi mikanda, kuvutwa mgongo kwa uzito, wala mashine za mawimbi ya sauti na za umeme wa kusisimua neva kama tiba ya kawaida. Mazoezi, kuchuliwa na tiba ya mikono ya mtaalamu vimo kwenye orodha ya vinavyofaa. Kwa hiyo ukifika fiziotherapia ukawekwa chini ya taa ya joto dakika 20 kisha ukaambiwa urudi wiki ijayo, uliza mazoezi yako yako wapi.

Huduma inayostahili huanza na maswali na vipimo kabla ya mikono. Mtaalamu anakulaza chali na kuinua mguu ulionyooka, anapima nguvu ya kidole gumba cha mguu, anagonga goti na kano ya kisigino kwa nyundo. Picha ya MRI kwa wengi haihitajiki: diski (vile vitakia vilivyo kati ya pingili) zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote.

Mazoezi yafanyike sakafuni kwenye mkeka. Godoro la sponji linazamisha nyonga na kuharibu kila kitu.

Kama maumivu yanashuka mguuni, jaribu kwanza kulala kifudifudi na kusukuma kifua juu kwa mikono, nyonga zikibaki chini, mara 10, kila baada ya saa 2 au 3. Tazama maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka mguuni na kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, endelea. Yakishuka zaidi kuelekea unyayo, acha. Mzee ambaye miguu inakufa ganzi akitembea na kupona akikaa au akiinama, zoezi hili si lake, na mara nyingi kushuka mlima kutoka Mwanga kwenda stesheni humtesa kuliko kupanda.

La pili: piga magoti na mikono, nyosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, shikilia sekunde 10, badilisha. Fanya mara 6 kila upande, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Kosa la kila mtu ni kuinua mguu juu kuliko nyonga, kiuno kikazama. La tatu ni kulala chali na kuinua nyonga. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza, sogeza visigino karibu na makalio.

Kutembea nako ni tiba, tena bure. Utafiti wa Australia uliotoka 2024, wenye watu 701 waliokuwa wametoka kupona, ulionyesha kuwa waliofundishwa kutembea hatua kwa hatua walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla ya kiuno kurudi, wenzao wasiofundishwa siku 112. Lengo lilikuwa dakika 30, mara 5 kwa wiki.

Kwa wabeba mizigo wa Kibirizi mazoezi ya sakafuni hayatoshi. Chukua dumu, weka maji lita 5, lisimame katikati ya nyayo zako, inama kwa nyonga na magoti, liinue likiwa karibu na mwili, mara 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki. Kiuno kikiamka sawa kesho yake kwa wiki nzima, ongeza lita 2 au 3. Kikiamka kibaya zaidi, rudi kiwango cha nyuma, usiache. Lita 20 za maji ni kilo 20. Dumu lile lile la mawese ni kama kilo 18, kwa hiyo anayeweza la maji ataliweza la mawese.