Tathmini: zana za wakala wa akili unde katika ofisi ya utalii Moshi

Mfumo huu wa kupokea wageni wa Kilimanjaro, unaotumiwa na ofisi moja mjini Moshi, una wakala wa akili unde (programu inayosoma ombi la mgeni na kuamua yenyewe la kufanya) mwenye zana nne, yaani kazi ndogo anazoweza kuziita, kama kutafuta nafasi au kupokea malipo. Mfumo wenyewe ni imara. Kinachouangusha ni maelezo ya zana, yale maandishi yanayomwambia wakala kila zana ni ya nini.

Zana ya kutafuta nafasi imeelezwa kwa maneno manne: “Hutafuta nafasi za safari.” Safari ya mlima au ya mbugani? Wakala haoni kilicho ndani ya zana. Huichagua kwa kusoma jina, maelezo na vigezo vyake (taarifa anazopaswa kuijazia) tu. Na kwa kuwa ipo nyingine ya “kuangalia safari”, huzichanganya.

Kasoro mbaya kabisa iko kwenye saa. Kigezo kinasema “saa ya kuondoka”, basi. Mgeni akiandika saa 2 asubuhi, wakala hutuma 02:00, na gari linapangwa saa 8 usiku! Dawa ni sentensi moja: “Tumia mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, saa 2 asubuhi iandikwe 08:00.” Bei nayo itajwe kama ni dola au shilingi. Njia za kupanda mlima ziwe orodha funge (Marangu, Machame, Lemosho na nyingine wanazouza), si nafasi wazi ya kuandika lolote.

Zana ya malipo inastahili sifa, maelezo yake yanasema wazi: itumike mgeni akishathibitisha tu, isiitwe mara mbili kwa oda moja, na ikikwama hueleza cha kurekebisha. Tatu zilizobaki ziandikwe upya kwa kuifuata hiyo, kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika.