Kasha gani la gitaa ununue kama unasafiri na jua la Dodoma

Oktoba ya mwaka juzi tulitoka Dodoma na kwaya kwenda Singida, tukasimama Manyoni kula. Gari tuliliacha juani, vioo juu kwa ajili ya vumbi na wezi, gitaa langu likiwa kiti cha nyuma ndani ya begi jembamba jeusi. Tulirudi baada ya saa moja na kitu. Niligusa zipu ya begi nikautoa mkono haraka. Jioni, nikitaka kutuni kabla ya ibada, kila uzi nikiupandisha unashuka. Nikachukua risiti ya chakula mfukoni nikaijaribu chini ya daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye ubao wa mbele. Hapo hata unywele haupaswi kupita. Risiti iliingia kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

Tangu siku hiyo nimenunua, nimeazima na nimeshonesha makasha ya kila aina. Mpangilio ninaoutoa hapa ni kwa mtu anayeishi Dodoma, Singida au Manyara na anasafiri na gitaa mara kwa mara. Aliye Tanga angenunua tofauti.

Ujue kwanza unapambana na nini. Gari lililofungwa vioo juani hupata joto upesi: ndani ya saa moja linaweza kuzidi hewa ya nje kwa sentigredi 20 hivi. Nje kukiwa na 30, ndani ni 50 na ushee, na vitu vyeusi vinavyopigwa na jua lenyewe, kama dashibodi, huweza kupita 70. Gundi nyingi za mbao huanza kulegea joto likifika 60 na kitu. Wakati huohuo nyuzi sita za chuma zinalivuta daraja kwa nguvu ya kilo 70 hivi, yaani zaidi ya mfuko mzima wa saruji. Gundi ikilegea, daraja linanyanyuka.

La pili ni ukavu, na hili wengi hawalifikirii kabisa. Mji wetu uko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki hewa inakausha nguo kamba ikiwa bado inachezacheza. Gitaa linastarehe unyevu wa hewa ukiwa asilimia 45 hadi 55. Lililonunuliwa Kariakoo, likazoea hewa ya pwani, likiletwa huku Agosti mbao zake zinasinyaa. Dalili ya kwanza utaisikia vidoleni: ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zinaanza kukwaruza pembeni. Ukipuuza, ubao wa mbele unapasuka.

Kwa hiyo kasha la huku linatakiwa lifanye kazi mbili: kuchelewesha joto na kuzuia hewa kavu isiingie ovyo. Kuzuia kugongwa ni la tatu. Nimesema kuchelewesha kwa makusudi, maana hakuna kasha linalozuia joto siku nzima. Liache garini kwa muda wa saa tano, hata kasha bora litakuwa limeshachemka ndani.

Namba moja kwangu ni kasha la sponji ngumu, lile jepesi lenye umbo la gitaa, nje kitambaa kizito, ndani sponji iliyokaza ambayo haibonyei kirahisi. Sponji hiyo imejaa vipovu vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Lina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, unalibeba mgongoni kwenye bodaboda bila kuyumba. Zipu yake ikiwa nzima, ndani kunabaki na hewa yake. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua hili.

Namba mbili ni kasha la mbao. Kwa kugongwa halina mshindani, na unene wake pamoja na manyoya ya ndani unachelewesha joto vizuri. Nimeliweka la pili kwa sababu ya uzito, kilo nne mpaka tano kabla hujaweka gitaa, na bei yake inaweza kulingana na gitaa lenyewe la kujifunzia. Lakini kama safari zako ni za basi na gitaa linaingia kwenye buti chini ya mabegi ya watu, basi kwako hili ndilo namba moja, usibishane na mimi. Kabla ya kulipa, lifunge tupu kisha upitishe karatasi kwenye mwanya wa kifuniko pande zote. Ikipita kirahisi, hewa nayo inapita.

La tatu ni begi nene, la sponji ya milimita 20. Madukani utaambiwa yote ni "manene". Libonyeze kwa kidole gumba juu ya kaunta: ukihisi ubao wa kaunta, lirudishe. Fungua zipu ndogo ya mfukoni uangalie mshono, ukiona sponji imegawanyika vipande vilivyounganishwa kwa gundi, joto la kwanza litaviachanisha.

Hapohapo kwenye nafasi ya tatu naliweka begi la fundi. Nenda kwa fundi wa masofa, siyo fundi wa nguo, kwa sababu cherehani yake inashona turubai na sponji pamoja. Mpelekee gitaa lenyewe alipime, usimpelekee vipimo vya mdomo. Mwambie sponji ya godoro iliyokaza, ya inchi moja, turubai la rangi ya kaki nje, flana ndani. Zuri la begi hili ni kwamba rangi unachagua mwenyewe. Makasha ya dukani karibu yote ni meusi, na nyeusi inakunywa jua. Langu la kaki nimelitumia misimu miwili ya kiangazi na bado liko imara.

Kasha la plastiki ngumu lililo tupu ndani, lenye kitambaa chepesi tu, nimelishusha chini. Linang'aa, linavutia, lakini plastiki nyembamba bila sponji inapitisha joto haraka. Likiwa na sponji nzuri ndani, linapanda mpaka karibu na la mbao.

Begi jembamba lisilo na sponji, lile linalokuja bure na gitaa, linafaa kuzuia vumbi chumbani. Usisafiri nalo.

Sasa vitu vidogo, ambavyo kwa pesa chache vinasaidia kuliko kununua kasha la hali ya juu zaidi. Nunua pazia la fedha la kioo cha mbele cha gari, lile linalorudisha mwanga, ulilaze juu ya kasha upande wa kung'aa ukiwa nje. Nunua kipima unyevu kidogo cha namba kikae ndani ya kasha. Halafu chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, weka sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haitoi tone, ukiweke kwenye kijisehemu cha vitu vidogo karibu na shingo. Kuanzia Juni mpaka Novemba mimi nalowesha kila baada ya siku mbili tatu. Na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya, ambavyo ndugu zetu wengi wanavitia ndani ya kasha wakidhani wanalilinda gitaa, vitoe leo hii. Kazi yake ni kunyonya unyevu, na hapa unyevu ndio tunautafuta.

Ukiwa safarini, legeza nyuzi nusu sauti au sauti moja. Usizilegeze zote kabisa, shingo imezoea kuvutwa. Ukipanda basi, mwombe konda gitaa likae buti za mbele, kwani mabasi mengi ya mikoani injini iko nyuma. Na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari ya Dar imekuwa rahisi kwa sisi wapiga gitaa: behewa lina kiyoyozi. Ukishafika, liache kasha kivulini limefungwa nusu saa kabla ya kufungua.

Wenye zeze hawauziwi kasha dukani, na hili linaniuma, kwa sababu zeze ndilo la kwetu. Ndilo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alilolipeleka kwenye majukwaa ya dunia, na ukienda Chamwino utawakuta vijana wanalipiga mpaka leo. Joto likizidi, ngozi yake inakaza mpaka inachanika ukingoni, na kibuyu kikikauka kinapasuka kwa mstari mmoja mrefu. Kwa zeze, shonesha kwa fundi yuleyule wa masofa: mfuko wa mviringo wa sponji kwa ajili ya kibuyu, na mkono mrefu kwa ajili ya mpini, upinde ukae kwenye mfuko wake pembeni ili usibonyeze ngozi. Ndani tia flana laini. Garini usiliweke sakafuni nyuma ya injini wala karibu na kioo. Lipakate.