Polisi wa taifa zima au kila mji na polisi wake?

Huu ubishi hauishi. Kwenye gharama jeshi moja la polisi linashinda, maabara moja, mafunzo yale yale, ndo maana Scotland mwaka 2013 waliunganisha majeshi 8 yakawa moja, japo usitegemee pesa ionekane fasta. Marekani wana vyombo vya polisi kama 18,000, vingine havina hata askari kumi, sasa mwizi akivuka mpaka wa mji kesi inasuasua, na askari aliyetimuliwa huku anaweza kuajiriwa kule. Ila kwenye ukaribu na wananchi polisi wa mji wako mbele sana: wanajua kichochoro kipi hakina taa na nani anafunga duka usiku, na kule Marekani sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti, anachaguliwa kwa kura) akizingua wananchi wanamng'oa kwa kura, wakati mkuu wa polisi wa taifa anamsikiliza aliyemteua. Rushwa? Kote ipo, cha muhimu anayemchunguza polisi asiwe polisi mwenzake.

Kama kero yenu ni magenge yanayohamahama mikoa, chukueni jeshi moja, kama ni vibaka wa mtaani, polisi wa mji. Na kama serikali yenu inapenda kuwatumia polisi kwenye siasa, jiulizeni vizuri kabla ya kuikabidhi rungu lote.