Huduma ya Kupima Jeni za BRCA

Huduma niliyopata hapa Seattle imeniridhisha, hasa kwa kuwa mshauri alianza kwa kuchora ukoo wetu kwa penseli, duara kwa kila mwanamke, kisha akayatia wino maduara ya mama na mama mdogo, waliougua saratani ya matiti. Kwa kufuatilia koo kama hizo, mtaalamu wa jeni Mary-Claire King, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni iliyokuja kuitwa BRCA1, ambayo ikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya matiti, iko kwenye kromosomu ya 17, ingawa wanasayansi wengi walikuwa na shaka na wazo lake kwamba saratani hiyo inaweza kurithiwa kupitia jeni moja. Majibu, hata hivyo, yalichelewa wiki mbili bila simu wala maelezo, na kumwacha mtu katika wasiwasi wa namna hiyo si haki.