Kutazama meli za Kilindini kwa programu ya simu: uzoefu wangu wa Mama Ngina

Programu za simu zinazoonyesha mahali meli zilipo baharini ziko kadhaa, na kwa kuwa zote hufanya kazi kwa namna inayofanana, sitaitaja kwa jina ile ninayoitumia. Ninachotaka kueleza ni jinsi inavyomfaa, na mahali inapomwangusha, mtu anayeketi katika bustani ya Mama Ngina mjini Mombasa kutazama meli za shehena zikiingia na kutoka bandari ya Kilindini. Ninatumia toleo lisilolipiwa, pamoja na darubini ya baharini inayokuza mara 7 na yenye lenzi za milimita 50. Darubini zenye nguvu zaidi sizipendekezi, kwa sababu upepo wa kusi ukishika, mikono hutikisika na jina la meli halisomeki tena.

Mahali penyewe pamekaa vizuri kwa kazi hii. Bustani, ambayo wenyeji wengi wangali wakiiita Lighthouse, ilifunguliwa upya Oktoba 2019 baada ya ukarabati, na sehemu za kuketi zinatazama mlango wa bandari. Meli kubwa inayokwenda Kilindini haina njia nyingine ya kupita: hupenya kati ya miamba ya Leven na Andromache, huisogelea Ras Serani, kisha hupita mbele ya kivuko cha Likoni, ambako feri huipisha kwanza ndipo ziendelee kuvusha watu na magari. Ningemshauri mgeni aje alasiri badala ya asubuhi, maana asubuhi jua hutokea baharini na kumpiga mtazamaji machoni, ilhali alasiri huwa nyuma yake na kuziangaza meli zinazoingia. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu ipo, na madafu pia, lakini darubini isishikwe kwa vidole vyenye mafuta.

Sasa nirudi kwenye programu. Taarifa zake hutoka kwenye mfumo uitwao AIS, ambao kwa mujibu wa kanuni za kimataifa lazima uwepo katika kila meli ya tani 300 au zaidi inayosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine. Kifaa kilichomo melini hutangaza kwa redio mahali chombo kilipo, kasi yake na uelekeo wake. Meli ikiwa safarini hufanya hivyo kila baada ya sekunde chache, na ikiwa imetia nanga kila baada ya dakika 3. Mitambo ya nchi kavu hunasa matangazo hayo na kuyapeleka kwenye intaneti. Katika ramani ninayoiona, meli za shehena huwa za kijani, za mafuta nyekundu, na za abiria buluu. Zinazosafiri huchorwa kama mishale, na zilizotulia kama viduara. Kabla ya kutoka nyumbani huangalia viduara vilivyokusanyika nje ya miamba, kwenye eneo la kusubiri zamu. Kiduara kimoja kikigeuka kuwa mshale unaoelekea Ras Serani, najua kwamba rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kuingia, ama amekwisha kupanda ama yuko karibu kupanda.

Jambo ambalo maelezo ya programu hayalisemi waziwazi, nami naliona kuwa ndilo muhimu kuliko yote, ni kwamba taarifa hizo ni za aina mbili. Mahali, kasi na uelekeo hutolewa na mashine yenyewe, na mara nyingi huwa sahihi. Namba ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha meli, ambayo ina tarakimu 7 na haibadiliki katika maisha yote ya chombo hata kikiuzwa na kupewa jina jipya, huingizwa mara moja tu kifaa kinapofungwa. Lakini bandari iendako meli, siku inayotarajiwa kufika, na kina cha sehemu iliyozama majini huandikwa kwa mkono na mabaharia kila safari, na baharia aliyechoka anaweza kusahau. Mara nyingi nimeona meli ikitoka Mombasa huku programu ikisisitiza kwamba inaelekea KEMBA, ambayo ndiyo alama ya kimataifa ya Mombasa hiyohiyo. Hasa tangu mashambulizi dhidi ya meli yalipoanza katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nafasi ya kuandika bandari imekuwa na matumizi mengine kabisa: baadhi ya meli huandika hapo kwamba zina walinzi wenye silaha. Hilo ni onyo kwa anayetaka kuzikaribia, wala halimsaidii mtazamaji kujua shehena inakwenda wapi.

Kina ndicho kinachonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo jicho linaweza kuisahihisha simu. Kwenye omo na tezi ya kila meli pamechorwa tarakimu zinazoonyesha ni mita ngapi zimezama, na kwa darubini tarakimu hizo husomeka vizuri meli inapopita mbele ya bustani. Meli ya makontena iliyoingia ikiwa imezama sana hutoka siku chache baadaye ikiwa imeinuka, na rangi nyekundu ya chini ya ubavu, iliyokuwa imefichwa na maji, sasa iko hewani. Hata hivyo programu huendelea kuonyesha kina kilekile cha kuingilia. Anayefahamu biashara ya bandari hii hatashangaa kuona meli ikiinuka hivyo. Kenya na majirani wanaopitishia mizigo yao Mombasa, Uganda ikiwa ya kwanza, hununua ng'ambo kwa wingi mno kuliko wanavyouza, kwa hiyo makontena mengi hurudi matupu, na yale yenye chai na kahawa hayatoshi kuizamisha meli tena. Mfano wa kinyume ulikuwa meli za madini ya titani ya Kwale, zilizoanza kupakia upande wa Likoni mwaka 2014. Hizo ziliingia nyepesi na kutoka nzito. Uchimbaji ulikoma mwishoni mwa 2024, na pamoja nao nimepoteza aina ya meli niliyopenda kuitazama.

Yapo pia mambo ambayo programu haiyaonyeshi kabisa, na anayetegemea simu peke yake huyakosa. Bendera nusu nyeupe nusu nyekundu humaanisha kuwa rubani yumo melini. Ile nyekundu tupu, yenye mkia uliogawanyika pande mbili, huashiria shehena ya hatari, na mara nyingi naiona kwenye meli za mafuta zinazokwenda Kipevu, ambako gati jipya lililozinduliwa 2022 limejengwa katikati ya maji na linaweza kuhudumia meli 4 kwa wakati mmoja. Bendera ya manjano huomba idhini ya afya. Boti za kuvuta meli, zile tagi, huonekana kwenye ramani kama alama ndogo zilizoganda kwenye alama kubwa, lakini ramani haikuonyeshi kamba ikikazwa wala moshi ukiongezeka pale meli ya magari kutoka Japani, yenye ubavu mrefu kama ukuta wa ghala, inaposukumwa na upepo wa ubavuni karibu na Likoni. Hapo simu ningeiweka mfukoni.

Kasoro za toleo la bure si chache. Matangazo ya biashara hufunika ramani, betri huisha upesi, na mara kwa mara alama huchelewa kiasi kwamba meli iliyo mbele ya macho yako bado imechorwa nje ya miamba. Kasoro kubwa zaidi ni ya bahari kuu. Mitambo ya nchi kavu haifiki mbali, kwa hiyo meli iliyotoka Salalah ya Omani au Colombo ya Sri Lanka hutoweka kwenye ramani na kuonekana tena ikiwa karibu kufika. Taarifa za setilaiti, ambazo zingejaza pengo hilo, ni za wanaolipa. Kwa mtazamaji wa Mama Ngina sioni haja ya kulipa, maana meli inayomhusu imekwisha kuingia katika upeo wa mitambo, na muda si mrefu itaingia katika upeo wa macho.

Kwa anayesubiri mzigo hesabu ni nyingine. Jirani yangu alipoagiza gari Japani, nilimwekea arifa ya meli yake, na kwake huduma hiyo ilikuwa na maana kuliko ramani nzima. Tahadhari niliyompa ndiyo ninayoirudia hapa: programu inaweza kutangaza kwamba meli imewasili Mombasa wakati ingali imetia nanga nje, na kati ya kutia nanga na kufungwa gatini kunaweza kupita saa chache au siku kadhaa, kutegemea nafasi, zamu na, kwa meli nzito, maji kujaa. Arifa ya kuifuata ni ile ya meli kufika gatini. Ukiipata hiyo, mpigie simu wakala wako wa forodha. Ukipata ya kwanza, njoo Mama Ngina uitazame ikiwa bado nje.