Wodi ya kangaruu: nesi nampa tano, tivii naipa sifuri

Nimelala siku 19 wodi ya kangaruu, ile ya mama kumbeba njiti kifuani, na mwanangu njiti, kazaliwa wiki ya 32 na kilo 1.5. Hospitali siitaji, ni hapa hapa Dar.

Kwanza nimsifie nesi wa zamu ya usiku. Siku ya tatu nimempakata mtoto namwimbia, namchekea, namtekenya mashavu, yeye anapiga miayo, mara kwikwi, mara chafya, mi nikajua kashikwa na baridi nikazidi kumsugua. Nesi akasimama, "We mama, huyo umeshamchosha." Nikacheka. Akasema muangalie vidole, kumbe kavitanua vyote kama trafiki anasimamisha daladala, macho kayapeleka pembeni, mgongo anaukaza, ngozi imeanza mabakabaka. Yaani hapo ndo anasema basi, na njiti wengi nguvu ya kulia hawana, kwa hiyo ukisubiri kilio umeshachelewa. Akaniambia nyamaza, acha kumpapasa, mkunje mikono ije kifuani, kiganja kimoja kichwani kingine miguuni halafu tulia tu. Haikuchukua muda akapumua vizuri akalala, mi nikabaki nalia mwenyewe. Ila akanionya, akibadilika rangi kuwa bluu au pumzi ikikata, hapo hakuna cha kutuliza, piga kelele nesi aje.

Kangaruu yenyewe, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi umefunga kanga juu, sina la kusema. WHO toka 2022 wanataka njiti akae hivyo masaa 8 mpaka 24 kwa siku, na waanze mapema, maana utafiti wa 2021 uliopita hadi hapa kwetu Tanzania ulionyesha walioanza mara tu baada ya kuzaliwa walipona wengi zaidi.

Sasa nyie mnatufundisha mtoto anachoshwa na kelele na mwanga, halafu tivii iko ukutani inapiga taarabu mchana kutwa na taa haizimwi mpaka saa nane usiku?? Niliomba wapunguze sauti nikaambiwa rimoti anayo inchaji, yaani msimamizi wa wodi, na inchaji katoka. Nikawa namziba mwanangu na mtandio.

Nyota nne. Ukienda beba kanga laini mbili, blauzi ya vifungo mbele na mto wa mgongoni, viti ni vile vya plastiki na masaa manane siyo mchezo.